Unga wa Siku Kumi na Tisa

Ofisi ya Tume, Nyumba ya Askofu
4 Februari

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yanakutii mwaka huu kuliko mwaka jana.

Leo nakuandikia kwa kazi. Baba Askofu ameunda Tume ya kuchunguza maisha na fadhila za marehemu Sista, muuguzi mkuu wenu wa zamani, yule ambaye hospitali nzima mlimwita Sista Mbiombio. Tume ikiridhika, majalada yatapelekwa Roma, na huenda siku moja Kanisa likamtangaza mwenyeheri, kisha mtakatifu. Mimi ni karani wa Tume. Kazi yangu ni kuandika wanayosema mashahidi, kugonga mhuri kila ukurasa na kunyamaza.

Ulikuwa mpishi wa hospitali kwa miaka ishirini na miwili, na jiko lako lilipakana na kanisa dogo alimosali. Hakuna aliyemwona zaidi yako. Nimeambatanisha maswali. Yanauliza juu ya imani, matumaini, mapendo, busara, haki, nguvu na kiasi. Tafadhali jibu kwa mifano. Ukiandika tu kwamba alikuwa mwema, hutatusaidia. Hata paka ni mwema akishiba.

Swali la mwisho ndilo zito. Mwaka wa mafuriko, daraja lilipovunjika, hospitali ilikaa siku kumi na tisa bila gari la chakula. Watu wanasema pipa la unga halikuisha. Mashahidi sita wamekwisha kufika mbele yetu. Waliyosema siwezi kukuambia, kwa kuwa yamo chini ya kiapo. Lakini kukohoa si ushahidi, kwa hiyo naweza kukuambia kwamba kila mmoja akifikishwa kwenye pipa hukohoa na kutazama dari.

Tume inafungwa tarehe 31 Machi. Utahitajika kuja kuapa.

Mwanao,
Padre

*

Nyumbani, nyuma ya hospitali
11 Februari

Padre mwanangu,

Marahaba. Kweli dunia duara: mtoto niliyemfunga nepi leo ananitumia maswali yenye mhuri! Haya, najibu, maana usije ukasema mama yako mkubwa ni mkaidi.

Imani. Sista alisali kama mtu anayemgongea jirani mlango. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema, "Bwana, ni saa mbili na dakika kumi, na damu ya mgonjwa wa kitanda cha saba bado haijafika." Kisha akatoka mbio kwenda kuitafuta mwenyewe.

Kiasi. Hapo sijui. Alimega mkate wangu ungali moto, akaungua vidole, akala amesimama, akasema kuungua huko kunatosha kuwa malipizi.

Haki. Alicheza karata na wagonjwa waliovunjika mifupa, na alidanganya mchezoni. Alidanganya ili wao washinde. Mtajua wenyewe mnaiweka wapi haki ya namna hiyo.

Nguvu. Daktari mkuu aliingia wodini na sigara mdomoni. Sista akaichomoa, akaizima ndani ya kikombe chake cha kahawa, akamwambia, "Kunywa, Daktari, isipoe."

Mapendo. Alimrushia kandambili muuguzi mmoja aliyemwambia mama mwenye uchungu wa kuzaa afunge mdomo. Ilimpata. Kisha akamfulia huyo muuguzi sare zake wiki nzima bila kuombwa. Ukiandika kandambili, andika na sare.

Matumaini. Alipanda mchungwa akiwa na miaka sabini na minane.

Busara: soma hayo yote tena.

Kuhusu pipa, mimi nilikuwa mpishi, sikuwa mlinzi wa pipa. Na kuja huko siwezi. Magoti.

Mama Mkubwa wako

*

Ofisi ya Tume
19 Februari

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Majibu yako yamesomwa na Tume nzima, na kandambili imesomwa mara mbili kwa ombi la mwenyekiti.

Lakini pana shida. Katika Tume yumo padre mzee ambaye wajibu wake ni kutafuta kasoro. Ndivyo sheria inavyodai, naye anautimiza kwa moyo wote. Ameona mashahidi sita wanakwepa swali moja, na sasa mpishi naye amelikwepa. Ameniuliza kulikuwa na nini karibu na hospitali mwaka ule. Nimemjibu kweli: kulikuwa na ghala la serikali, lenye chakula cha wahanga wa mafuriko wa wilaya nzima. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Padre, unga hauzai. Kama haukuja kwa gari, ulitoka mahali. Huyu mtawa aliwachukulia wenye njaa wengine, na watumishi wake wanamfichia."

Asipopata maelezo mengine, ataandika hivyo. Jalada la Sista litabaki hapa kabatini na neno "wizi" juu yake, na sidhani kama litafunguliwa tena tukiwa hai.

Nadhani unajua jambo. Kama ni hivyo, liseme. Gari litakuja hadi mlangoni pako. Kuhusu magoti, nimeambiwa kwamba Jumapili iliyopita ulipanda ngazi za kwaya mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kumkemea mpiga kinanda.

Mwanao,
Padre

*

Nyumbani
26 Februari

Padre mwanangu,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimeketi. Sista mwizi? Mtu ambaye akiokota kifungo cha shati alizunguka wodi nne akimtafuta mwenyewe? Mwambie huyo Mzee Kasoro kwamba unga hauzai, hilo kweli, lakini ule ulikuwa na miguu, na miguu yenyewe ni hii yangu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa kata inasema.

Daraja lilivunjika Jumatatu. Tulikuwa na wagonjwa sitini na watatu na unga wa siku tatu. Jioni, Sista alisimama mbele ya altare akatuambia sisi watumishi, "Bwana ataleta. Msiniulize njia. Na atakayeijua njia, afunge mdomo." Kisha akaanza rozari.

Nyumbani kwetu kulikuwa na gunia moja. Lilikuwa la harusi ya mama yako, iliyobaki mwezi mmoja. Siku ya nne, pipa la jikoni likiwa na vumbi tu, nilichota ndoo ndogo moja kutoka gunia lile na kuificha chini ya meza ya jikoni. Nikangoja rozari ya jioni, kwa sababu wote wangekuwa kanisani. Tendo la kwanza kati ya yale matano ya rozari lilipoanza nilishika tumbo, nikatoka nimeinama. Nikamwaga, nikakaa nje kama mgonjwa hadi mwisho. Kesho yake tena. Siku kumi na sita nimeumwa tumbo mbele ya Bikira Maria, mwanangu! Na ni rozari gani hiyo? Sista, aliyefanya kila kitu mbiombio, alikuwa akiivuta rozari hiyo kama mtu anayeburuta kitanda. Akimaliza aliongeza litania. Na si mimi tu niliyeumwa. Jioni hizo matumbo mabovu yalikuwa mengi kanisani kuliko wodini. Nilidhani ni maji ya mafuriko.

Lakini kuna lililonitia hofu zaidi. Nilikuwa namwaga ndoo moja, na nikioka natoa ndoo nane, na pipa halishuki. Mimi ni mwokaji, kipimo nakijua. Nikasema, Mungu anazidisha, lakini anazidisha nini? Unga niliomwibia mdogo wangu! Nikisema niliumwaga mimi, watu watasema hapakuwa na muujiza wowote, ni mpishi tu na ndoo yake. Nikinyamaza, mimi ni mwongo. Nikachagua uongo, na nimeula miaka thelathini na sita.

Gunia lilipokwisha nilimwambia mama yako kwamba wadudu wameingia, nimeutupa unga wote. Akakubali bila kuuliza hata swali moja, maskini, kwa upole wake. Wageni walikunywa chai kavu. Bibi yako mzaa baba alinuna tangu mlango wa kanisa hadi siku uliyozaliwa wewe.

Sasa niambie. Nikiapa, Sista ataanguka? Na mama yako lazima ajue?

Mama Mkubwa wako,
mwenye ndoo

*

Ofisi ya Tume
4 Machi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimecheka hadi mwenyekiti akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu ni tumbo.

Kwanza: muujiza unaotakiwa na Kanisa ni ule unaotokea baada ya mtu kufa, kwa maombezi yake. Aliyoyafanya akiwa hai tunayachunguza ili tujue aliishi vipi. Pipa lako halikuwahi kuhesabiwa kuwa muujiza na mtu yeyote mwenye mamlaka. Umelinda ghala tupu kwa miaka thelathini na sita. Ndoo yako haiwezi kumwangusha Sista. Kitakachomwangusha ni ukimya wako.

Pili: kuhusu ndoo moja kuingia na ndoo nane kutoka, nimeapa. Kalamu ninayo mkononi na naizuia kwa mkono wa pili. Njoo tarehe 18 Machi. Siku hiyo tumewaita tena wale mashahidi sita. Fika saa mbili asubuhi, ukae nao kwenye benchi la nje. Sisemi zaidi.

Tatu: Mama mwandikie mwenyewe. Siwezi kuwa karani wa Tume na karani wa ukoo kwa wakati mmoja.

Mwanao,
Padre

*

Nyumbani
7 Machi

Mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi, basi naanzia katikati. Hakukuwa na wadudu.

Unga wa harusi yako niliuchukua mimi, ndoo kwa ndoo, nikaupeleka hospitalini wakati wa mafuriko. Sikukuomba, kwa sababu ungelia, nami ningeona huruma, na watu sitini na watatu wangelala njaa. Kisha nikakudanganya, nawe ukaniamini. Kila nikihudhuria harusi ya mtu, mkate huwa haupiti kooni.

Mwanao anataka niseme haya mbele ya Tume, chini ya kiapo. Nimeona si haki mapadre wote wajue kabla yako. Ukitaka kununa, nuna. Mama mkwe wako alinuna karibu mwaka mzima na hakufa.

Dada yako

*

Chumba cha cherehani
12 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikuta kazini, nikashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Gauni ni la mke wa mwalimu mkuu. Nitamwambia wewe ndiye sababu.

Keti kwanza. Umeketi?

Siku ile ulipoingia chumbani ukanikuta nimesimama mbele ya gunia tupu, nilikuwa natafuta uongo wa kukuambia. Nilikuwa nimeupata nusu tu. Wewe ukasema, "Wadudu." Nami nikasema, "Wengi mno!" nikamshukuru Mungu kwamba dada yangu ana akili nyepesi. Eti upole! Upole gani, Dada? Ilikuwa hofu.

Wewe ulichota juu. Mimi nilifumua mshono wa chini, nikachota, nikashona tena kwa uzi uleule. Kila siku niliona gunia limelegea kuliko nilivyochota, nikasema ni panya, nikatega mtego. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Panya mwenyewe tulilala chumba kimoja.

Nilikuwa nafua mashuka pale hospitalini, unakumbuka, nikingoja kuolewa. Siku ya kwanza nilitoka kwenye tendo la tatu. Mlangoni pa jiko nikagongana na seremala, suruali nyeupe hadi magotini. Akaniambia anapaka chokaa. Nikamwambia mimi nimetumwa chumvi. Tukapishana kama watu wasiojuana.

Rozari ilipokwisha, Sista alinisubiri nje ya kanisa. Nilidhani nimekwisha. Akashika ncha ya shela yake, akanipangusa unga shavuni, polepole, yeye asiyejua polepole. Akaninong'oneza: "Kesho toka kwenye tendo la nne. La tatu limejaa."

Akaondoka mbiombio. Nami nikatoka kwenye tendo la nne hadi daraja likarudi.

Kwa hiyo nilijua kwamba anajua, na kwamba tupo wengi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mmoja wao ni wewe. Aliniambia nifunge mdomo, nikaufunga. Unajua nilivyo.

Hukuniibia, Dada. Kama ni wizi, tulimwibia bibi harusi sote wawili, naye alikuwa radhi. Na mume wangu husema hadi leo kwamba ile chai kavu ndiyo iliyowafanya wageni waende mapema, na hajawahi kuilalamikia.

Mwambie mwanangu na mimi nataka kuapa. Nitamaliza gauni hili, nije Jumatano ya tarehe 25.

Kitindamimba wenu

*

Nyumbani
19 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Jana nilikwenda. Yaliyosemwa ndani nimeapa kutoyatoa, na sitayatoa hata kwako. Lakini benchi la nje halikuapishwa, kwa hiyo nakuletea ya benchi.

Nilifika saa mbili. Walikuwa wameketi sita kwenye ukumbi mrefu, kimya kama wanaongoja kung'olewa meno: seremala, ambaye kwa kweli hana tena la kung'olewa, dereva wa gari la wagonjwa, muuguzi wa wodi ya wazazi, mfua nguo mkuu wako, mlinzi wa lango, na daktari mkuu mwenyewe, yule wa sigara, sasa anatembea kwa magongo mawili. Tukasalimiana. Kisha tukatazama ukuta.

Nikaona nitapasuka. Nikasema, "Jamani, mimi sijui mmekuja kusema nini, lakini mimi ndiye niliyekuwa namwaga unga."

Seremala akageuka. "Unamwaga lini?"

"Tendo la kwanza."

"Huwezi," akasema mfua nguo. "Nilikuwa naingia la pili, nadhani pipa ni tupu, nalikuta..." Akajiziba mdomo.

"La tatu lilikuwa langu," akasema seremala polepole.

"La tatu lilikuwa *letu*," akasema dereva. "Kumbe ni wewe uliyekuwa unaniachia dirisha wazi! Nami nikidhani ni malaika."

"Malaika wa kupaka chokaa," nikasema, na hapo, mdogo wangu, benchi likaanza kutikisika. Muuguzi akasema yeye alikuwa wa nne, pamoja na msichana mmoja wa mashuka ambaye kila siku alikuwa ametumwa chumvi, na akajiuliza hospitali ile ilikuwa inakula chumvi kiasi gani. Daktari akakiri kwamba alikuwa akichukua unga wa keki za mke wake. Mke wake alimshuku ana mwanamke, akamfuata siku moja, akamkuta ameinama juu ya pipa. Tangu kesho yake wakawa wanakuja wote wawili, tendo la tano. Mlinzi alingoja litania.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," akasema daktari, akifuta macho.

"Na mimi!" "Na mimi!" Tulikuwa tunasema hivyo sote kwa pamoja, wazee wazima, tukigongana mabega, wakati mlango ulipofunguliwa na Mzee Kasoro akatoka.

"Hapa ni mahali pa kiapo," akasema. "Mnacheka nini?"

Tukamwambia. Tulimwambia wote kwa mara moja, na ilimbidi anyanyue mkono mara tatu. Akatoa kalamu akaandika nyuma ya bahasha: la kwanza, la pili, la tatu. Akatutazama mmoja mmoja juu ya miwani yake. Kisha akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza.

"Kama ninyi nyote mlikuwa jikoni, kanisani alibaki nani?"

Mlinzi wa lango ndiye aliyejibu. Unamjua, huongea mara moja kwa mwaka.

Alisema kwamba siku ya kumi na tano alirudi kanisani kuchukua kofia yake. Mabenchi yalikuwa matupu. Wengine tulikuwa jikoni, wengine tulikuwa tumetoka mapema tukajificha nyuma ya tangi la maji tukingoja zamu, kila mtu akidhani kwamba amejificha peke yake. Sista alikuwa amepiga magoti mbele, amefumba macho. Alikuwa akisema "Salamu Maria" kwa sauti yake. Kisha akawa anaitikia mwenyewe "Maria Mtakatifu," kwa sauti nene ya mwanamume. Salamu iliyofuata aliitikia kwa sauti nyembamba, ya kutetemeka, kama ya bibi kizee. Kisha tena ile nene. Kwa nguvu, ili ipite dirishani.

"Nilidhani amerukwa na akili," akasema mlinzi. "Nikabaki mlangoni. Akafungua jicho moja akaniambia, 'Rudishia mlango, baba. Wakisikia kimya watajua wameonekana, wataona haya, hawatamwaga.' Akaendelea."

Kitinda, unaikumbuka ile sauti nene? Mimi naikumbuka. Kila jioni niliisikia kupitia dirisha la jikoni, ndoo mkononi, na kila jioni nilijilaumu: tazama, wenzako wamepiga magoti wanasali, wewe uko huku na wizi wako. Ilikuwa ni yeye. Sote tulikuwa jikoni, naye alibaki kule akiwa wenzetu wote.

Mzee Kasoro alivua miwani. Aliketi kwenye ncha ya benchi, akatuambia tusogee kidogo, tukasogea.

Baadaye nikaitwa. Mwanao alikuwa mezani, kalamu mkononi, amekaza uso kana kwamba hajawahi kuniona. Akanisomea kiapo. Wewe utasomewa Jumatano. Usiogope, na usipunguze hata ndoo moja. Niliweka mkono juu ya Injili, nikapaza sauti hadi wa kwenye benchi wakanisikia, nikaapa.

Dada yako